Kisu cha Sanduku Hakimenyi Chungwa

Kabla sijamsema vibaya, nimsifu kwanza. Sifa zake zilikuwa za kweli, na nadhani hakuna aliyezijua kuliko mimi. Tulimwita Gadi. Ndiyo ilikuwa kazi yake, kukaa kwenye behewa la mwisho la treni ya mizigo na kuilinda kutoka Nairobi hadi Mombasa na kurudi, na ndilo lilikuwa jina lake katika laini yetu ya nyumba kumi na mbili pale Makongeni. Mkewe alimwita Gadi. Mchungaji naye, kanisani, alisema, "Sasa Gadi atatuombea," na hakuna aliyeona ajabu.

Alikuwa nadhifu kupita kiasi. Sare yake aliipiga pasi mwenyewe, hakumwachia mkewe, kwa sababu mkewe, alidai, alipiga pasi kama mtu anayefukuza kuku. Saa yake ya mnyororo ilitoka mfukoni ukimuuliza swali lolote, hata ukimuuliza kama ameshakula. Na Kiswahili chake! Sisi wengine tulitoka magharibi na Mkoa wa Kati, kila mmoja na ulimi wake, tukakutana pale Nairobi na lugha ya kutosha kuombea chumvi. Yeye alikichota chake Mombasa, safari baada ya safari, na alikitumia hata kwa mbwa. "Tafadhali ondoka," alimwambia mbwa, na mbwa aliondoka.

Nilipoolewa na kuletwa Makongeni, mtu wa kwanza kunipokea ndoo ya maji pale bombani alikuwa yeye. Wanaume wengine walimcheka. Aliwajibu kwamba gadi haulizi mzigo ni wa nani, anauliza kama umefika. Na mama mkwe wa jirani alipoanguka na kushindwa kusimama, Gadi alimbeba mgongoni hadi zahanati, na sare yake iliyopigwa pasi, akisimama kila baada ya nyumba chache kumuuliza, "Mama, unapumua vizuri?" Yule mama aliishi miaka mingi baadaye, akisema kwamba hata marehemu mumewe hakuwahi kumbeba.

Hayo ni ya kweli. Sasa na haya pia ni ya kweli. Mtu huyu aliyetufundisha sote kufunga kidonda aliogopa damu. Akijikata kidogo akinyoa ndevu, alikaa chini sakafuni mpaka mkewe aje. Tena hakujua kuomba msamaha. Nilikaa jirani naye miaka tisa na sikuwahi kulisikia neno samahani likitoka kinywani mwake. Akikukanyaga mguu alikutazama kwa huruma na kusema, "Mguu wako umepatwa na nini?" Tulicheka sana kwa hilo. Mimi ndiye niliyekuwa namwigiza vizuri zaidi, nikijikanyaga na kujipa pole, na wanawake wenzangu walishika mbavu. Ningekuwa na akili ningelia.

Sanduku lilianza na stovu ya Mama Wambui. Ililipuka asubuhi moja, ikamuunguza mkono, na laini nzima ikakimbia huku na huku, huyu ana dawa ya meno, yule ana mafuta ya kupikia, mwingine anapiga kelele tu. Gadi alirudi safari, akasikia, akatuita uani. Akasema laini isiyo na sanduku la huduma ya kwanza ni treni isiyo na breki. Akatafuta mbao, akaunda sanduku kwa mikono yake, akalipaka rangi nyeupe na msalaba mwekundu, akalitundika kwenye ukuta wa baraza lake ambapo hata mtoto angeliona. Kila nyumba ikapewa kitu cha kuleta. Wengine walileta pamba, wengine plasta, wengine vibao vya kufungia mfupa. Mimi nilikuwa fundi wa nguo, nina cherehani dirishani, kwa hiyo nilipewa bendeji. Nilikata mashuka ya zamani, nikayachemsha, nikayapiga pasi, nikayakunja. Gadi alizikagua moja moja na kusema, "Mama Nekesa, wewe ndiye naibu wangu." Nilifurahi kwa wiki nzima. Mume wangu, Baba Nekesa, ambaye alikuwa fundi wa mitambo huko karakana ya reli, alinitania kwamba nimepandishwa cheo kabla yake.

Lazima nieleze habari ya sili, maana bila hiyo hamtaelewa lolote. Behewa la mizigo likishapakiwa, mlango hufungwa, waya hupitishwa kwenye komeo, na ncha za waya hubanwa ndani ya kidonge cha madini ya risasi kwa koleo maalumu lenye namba. Kidonge hicho watu wa reli walikiita sili. Ukitaka kufungua mlango huna budi kuikata, na ikikatwa haiungiki. Treni ikifika, mtu wa kwanza kuangaliwa si mlinzi wala dereva, ni sili. Ikiwa nzima, kila mmoja hutia sahihi na kwenda kunywa chai. Gadi alikuwa na koleo moja kuukuu ambalo, alisema, kazini halikutakiwa tena. Kila mwisho wa mwezi alifungua sanduku letu, akalikagua, akalifunga kwa waya na kubana sili.

"Sili nzima, mzigo mzima," alisema akimaliza, na wanaume wa laini, wote watu wa reli, walirudia maneno hayo kwa kuridhika. Kwao ilikuwa imani. Mtu angeweza kumtilia shaka mkewe, ndugu yake, hata daktari, lakini si sili ambayo haijakatwa.

Masomo yalikuwa Jumapili alasiri baada ya kanisa. Tulikaa uani kwenye viti vya kila nyumba, na yeye alisimama mbele na saa yake mkononi. Alitufundisha kumlaza mtu aliyezirai, kuzuia damu, kumgeuza aliyebanwa na pumzi. Somo lilikuwa na misemo yake, na ukisahau msemo ulirudishwa nyuma. "Kelele si dawa." "Mkono mmoja kwenye kidonda, mwingine kwenye akili." "Wa kwanza kufika ndiye daktari." Mama Wambui, ambaye stovu yake ndiyo ilituletea yote haya, hakuhudhuria hata mara moja. Jumapili alasiri alikuwa analala. Alisema kama kuna dharura nyingine atasikia kelele.

Msemo mkubwa kuliko yote ulikuja na kisu.

Gadi aliamua kwamba sanduku halijakamilika bila kisu cha kukunja, cha kukatia nguo iliyoganda kwenye kidonda, kamba iliyombana mtu, mkanda, kiatu. Mkasi haukumpendeza, alisema mkasi hukata kile unachokiona tu. Kisu kiwe cha bei ya chini, kwa kuwa laini yetu ni ya watu wa mshahara, lakini kisiwe duni. "Bei rahisi si dhambi," alisema. "Dhambi ni kununua bei na kusahau kukitazama kisu." Akanichagua mimi twende pamoja, kwa sababu fundi wa nguo anajua makali.

Tulizunguka Jumamosi tatu. Sijawahi kumwona mtu akichagua kitu kwa uvumilivu ule. Kwanza alikitikisa kisu karibu na sikio. Kikilia, alikirudisha. Kisha alikifungua na kukiinua kielekee jua, atazame kama mwanga unapita kati ya bapa na mpini pale penye ribiti, ule msumari unaoviunganisha. Ukipita, kinarudi. Kisha alikiegemeza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza na kusukuma, aone kama springi inashika au inaachia. Huko soko la Gikomba mwuzaji mmoja, ambaye visu vyake kumi na vitatu vilikuwa vimeshakataliwa, alichoka.

"Mzee, unataka kununua kisu ama unataka kuioa?"

"Mke akikunja uso unaweza kumbembeleza," Gadi akamjibu. "Kisu kikikunja hakibembelezwi."

"Basi enda dukani kwa Mhindi, huko wanauza yenye haikunjangi."

"Nitarudi," Gadi akasema kwa heshima, na kweli tulirudi Jumamosi iliyofuata, na yule mwuzaji alipotuona aliinua mikono juu.

Hapo ndipo nilipochangia jambo langu, na nalitaja kwa sababu lilikuwa langu. Nilimwambia, "Mzee, sisi wanawake ndio tunashinda hapa laini. Mikono yetu iko kwa maji na sabuni siku nzima, na kucha hatuna. Hii ya kuvuta kwa ukucha nitafungua aje?" Kwa maana visu vile vina kijishimo kwenye bapa cha kuingizia ukucha, na vingi kijishimo chenyewe ni kama mchoro tu. Gadi alinitazama kwa muda. Akatoa saa, akaitazama pia, sijui kwa nini. Kisha akasema, "Dharura haina kucha." Ukawa msemo wa laini kuanzia siku hiyo, na watu walidhani ni wake.

Nilienda kwenye mkahawa uliokuwa karibu, nikaomba sabuni, nikarudi na mikono yenye povu. Nilijaribu visu vyote vilivyobaki kwenye trei. Vilikuwa vinanitoroka. Kimoja kikafunguka. Kilikuwa na mpini mweusi wa mti, bapa fupi, urefu wake sawa na upana wa vidole vinne, kijishimo kirefu na kipana. Nikakifunga, nikakifungua tena. Gadi akakitikisa, akakitazama kwenye jua, akakisukuma mgongo. Kimya, giza, imara. "Ni hiki," nikasema, na yeye akasema, "Ni hicho."

Tulipitia Soko la Burma, kwa mchinjaji aliyekuwa akimnolea mke wa Gadi visu. Akakipitisha kwenye jiwe, akakata kano ya ng'ombe kwa pigo moja.

"Hii ndogo imeshika kweli," akasema. "Nani amechagua?"

Gadi akaninyooshea kidole. "Huyu," akasema.

Neno moja tu, lakini nilirudi nyumbani nikitembea kama nimevaa viatu vipya. Baba Nekesa akakipeleka karakana. Akaisaga ncha iwe butu, kwa sababu Gadi alisema kisu cha kuokoa mtu kisiwe na ncha ya kumchoma, kisha akatoboa tundu mwishoni mwa mpini nipate kufunga uzi. Kekee iliteleza kidogo, ikaacha mkwaruzo uliopinda kando ya tundu, mdogo kama kipande cha ukucha. Aliudhika. Nikamwambia haina neno. Nikafunga uzi mwekundu ili kionekane hata kikianguka kwenye nyasi.

Jumapili ile Gadi alikiinua mbele ya watu wote. Akasema kisu hiki kina kazi moja. Hakikati nyanya. Hakichongi kalamu. Hakifungui mkebe hata kama ni wa mfalme. "Kisu cha sanduku hakimenyi chungwa," akasema, na tukarudia wote, watu wazima na heshima zetu. Akakiweka ndani mbele ya macho yetu, akapitisha waya, akabana sili.

Zilipita kama miezi minane. Baba Nafula wa nyumba ya tano, fundi wa breki, alipewa uhamisho wa kwenda Nakuru. Uhamisho ulikuwa jambo la kawaida kwetu. Jumamosi asubuhi waliita mkokoteni, wakapakia kitanda, kabati, godoro na masufuria, wakafunga kamba nene ya katani. Mwenye mkokoteni alishika mikono miwili ya mbele, na Baba Nafula, ili kumsaidia, akafunga kamba nyingine kwenye mikono hiyo na kuipitisha begani mwake avute. Gadi alikuwa safarini Mombasa. Baba Nekesa alikuwa kazini. Mimi nilikuwa nafua.

Nyuma ya mkokoteni ikaingia mtaroni. Kabati likateleza nyuma, mzigo wote ukalalia upande ule, na mikono ya mbele ikaruka juu. Ile kamba iliyokuwa begani mwa Baba Nafula ikapanda shingoni na kumwinua. Ncha za vidole vya miguu yake zilikuwa zinagusa ardhi kwa shida. Wanaume wawili walimkumbatia miguu wakamwinua, wengine walining'inia kwenye mikono ya mkokoteni kuishusha, lakini kabati lilikuwa limebanwa ukutani na halikusogea. Macho yake yalikuwa yameanza kutoka. Hakuna aliyepiga kelele ovyo. Tulikuwa tumefunzwa.

"Sanduku!" mtu akasema. "Mama Nekesa, kisu!"

Hebu fikirini. Kulikuwa na nyumba kumi na mbili pale, na kila nyumba ilikuwa na kisu jikoni. Hatukuviwaza. Tulikimbilia sanduku kwa maana ndivyo tulivyofundishwa, na mimi ndiye naibu. Niliirarua sili kwa mikono yote miwili. Nilikiona kisu chenye mpini mweusi na uzi mwekundu, nikakichukua. Mikono yangu ilikuwa na sabuni. Nikavuta bapa, likakataa. Nikavuta tena, vidole vikateleza. Nikalifungua kwa meno. Nikafika kwenye kamba, nikaanza kukata juu ya bega lake, naye akikoroma karibu na sikio langu. Nikavuta mara moja, mara mbili. Mara ya tatu ncha ikanasa ndani ya katani, nikalazimisha, springi ikaachia, na bapa likarudi kwenye mpini na vidole vyangu viwili katikati.

Aliyemwokoa Baba Nafula ni Mama Wambui. Alisikia kelele yangu, akatoka jikoni na kisu chake cha sukuma wiki, akakata kamba kwa mapigo mawili na kuuliza, "Nyinyi mlikuwa mnangoja nini?" Baba Nafula alipona, ila sauti yake ilibaki ya kukwaruza. Mimi nilipelekwa hospitali. Walinishona ngozi, lakini kano za kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kulia, hazikushika. Mpaka leo havikunjiki. Ni mkono wa mkasi.

Gadi alirudi siku ya pili. Mkewe alikuwa amekiokota kile kisu na kukifunga gazetini. Gadi akakichukua, akakitumbukiza chooni. Alisema kisu kilichomwaga damu ya mtu wa nyumbani hakikai nyumbani, na kwa kuwa wazee wetu wengi walisema vivyo hivyo, hakuna aliyeuliza. Jumapili akaita kikao. Nilikwenda na mkono wangu kwenye kitambaa cha shingoni. Nilidhani ni kikao cha kunipa pole.

"Ndugu zangu," alianza, kwa Kiswahili chake kile cha Mombasa, "lazima tujue kosa liko wapi, lisirudiwe. Sili ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima," wanaume wakajibu. Hata mimi nilijibu. Mimi ndiye niliyeikata.

"Basi kilichoingia ndicho kilichotoka. Na kisu hicho nani alikichagua?"

Watu walitazama viatu vyao. Gadi akanyoosha kidole. "Huyu," akasema.

Nikasimama. Nikasema, "Mzee, ile nilichagua ilifunguka na sabuni. Hii ilikataa. Na ile yetu ilikuwa butu kwa ncha, hii ilinasa."

"Mama Nekesa," akasema kwa upole, ule upole aliowaonyesha watu waliozirai, "uchungu unamchanganya mtu. Hatukulaumu. Kuchagua kisu ni kazi, na pengine nilikutwika mzigo usio wako."

Nilimtazama mume wangu. Yeye ndiye aliyeisaga ile ncha kwa mikono yake. Alikuwa anajua ilikuwa butu. Nilingoja aseme. Alikohoa, akasema taratibu, kana kwamba ananifariji, "Lakini sili ilikuwa nzima, Mama Nekesa."

Nikaketi. Na baya zaidi, ambalo sijawahi kumwambia mtu, ni kwamba niliamini. Nilirudi nyumbani nikajiambia pengine sikuangalia vizuri, pengine siku ile Gikomba nilitaka kusifiwa tu. Nilikuwa nimemwamini Gadi kuliko nilivyoyaamini macho yangu. Alinitembelea na machungwa mara mbili. Nilimshukuru.

Nguo zikaacha kuja. Wengine waliona huruma kunipa kazi na mkono ule. Wengine, nilisikia, walisema fundi asiyejua kisu kizuri atajuaje mkasi. Ilinichukua miaka kujifunza kukata kwa mkono wa kushoto, na mikasi imetengenezwa kwa ajili ya wa kulia, inakutafuna ukishangaa. Tulihama Makongeni Baba Nekesa alipostaafu. Kila nilipokwenda kununua kitu, hata kitunguu, nilikigeuza mara tano na kumwuliza mwuzaji anichagulie.

Ndipo nikamkuta, mtaani Baba Dogo. Nilikuwa nimezoea kwenda huko kununua vipande vya vitambaa kwenye lango la kiwanda kimoja cha nguo. Siku hiyo adhuhuri nilipita njia ya nyuma, kati ya vyumba vya wafanyakazi, na mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi la mlangoni alinisikia nikimsalimia mtu.

"Sauti hiyo ni ya naibu wangu," akasema.

Alikuwa amezeeka, macho yamefifia, mkewe amefariki, anakaa na binti yake. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Nilifurahi kumwona, siwezi kusema uongo. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," nikaketi kando yake. Akaniuliza habari za Baba Nekesa, za watoto, hata za Mama Wambui kama bado analala Jumapili. Tulicheka. Hakuuliza habari za mkono. Kisha akasema mgeni haondoki hivi hivi, akaingiza mkono kwenye mfuko wa karatasi, akatoa chungwa, na kwa mkono mwingine akatoa kisu mfukoni.

Kilikuwa na mpini mweusi, umelainika kwa kushikwa. Ncha yake ilikuwa butu. Alianza kumenya polepole, ganda likishuka kwa mkanda mmoja mrefu, na mwishoni mwa mpini nikaona tundu, na kando ya tundu, mkwaruzo uliopinda, mdogo kama kipande cha ukucha.

Nikasema, "Mzee, niazime kisu."

Alisita kidogo. Kisha akanipa, kwa sababu hakuwahi kumnyima mtu kitu mbele ya macho yake. Kilikuwa kimelowa maji ya chungwa. Nikakifunga. Nikakifungua kwa mkono wangu wa kulia, kwa kidole gumba na kile cha pete, vile vinavyofanya kazi. Kikafunguka mara moja. Nikauegemeza mgongo wa bapa kwenye benchi, nikasukuma kwa nguvu zangu zote, na hakikuachia.

"Kisu cha sanduku hakimenyi chungwa," nikamwambia.

Alimfuata kwa macho mtu wa baiskeli aliyekuwa akipita. Kisha akatoa saa yake mfukoni na kuirudisha bila kuitazama.

"Nilikusudia kukirudisha," akasema. "Safari ni ndefu, Mama Nekesa. Machungwa wanauza pale dirishani, stesheni ya Voi. Nikasema safari moja tu. Nikanunua kingine cheusi cha kushika nafasi, nikahamisha uzi. Kile kizuri kilikuwa kimelala tu sandukuni, miezi yote ile."

"Na sili?"

"Sili ni yangu. Nilikata, nikabana nyingine."

Jepesi hivyo. Watu wazima wa nyumba kumi na mbili, miaka yote ile, na hakuna aliyewahi kuuliza mwenye koleo akikata sili yake mwenyewe nani atajua.

"Kile cha kushika nafasi ulikichagua kwa sikio? Ulikitazama kwenye jua?"

"Nilikuwa na haraka. Treni ilikuwa inaondoka."

"Na kwenye kikao, mzee? Ulinionyesha kidole."

Nilitaka aseme neno moja. Nilikuwa tayari kulipokea, Mungu ananiona, nilikuwa nimeinama kabisa kulisikia. Gadi alifuta mikono yake kwenye leso na kusema, kwa Kiswahili chake kizuri:

"Wewe ulikuwa umeshaumia, Mama Nekesa. Mimi nilikuwa bado. Kwa nini tuumie wawili?"

Nikakikunja kisu, nikakitia kwenye mkoba wangu, nikasimama. Akaniambia, "Basi niache nimalize chungwa." Nikamwacha nalo mkononi, nusu na ganda lake. Vitambaa sikununua siku hiyo.

Nyumbani nilimkuta Baba Nekesa akisoma gazeti. Nilikiweka kisu mezani mbele yake, nikaketi. Hakuuliza nimekitoa wapi. Alikishika, akakigeuza, akaligusa tundu alilolitoboa mwenyewe, kisha ule mkwaruzo uliomwudhi. Akakirudisha mezani. Akainuka, akaenda bombani, nikasikia maji. Akarudi na mikono yake yote miwili imejaa povu la sabuni mpaka viwiko, akakichukua na kuvuta bapa. Likafunguka mara ya kwanza. Akauegemeza mgongo kwenye meza, akasukuma, akasukuma tena.

"Ulichagua vizuri," akasema.

"Na sili je?" nikamuuliza. "Hutaki kuiona sili kwanza?"

Alisimama pale na povu likidondoka sakafuni, mtu mzima na mvi zake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mkokoteni aliutazama mkono wangu bila kugeuza macho kando.